Tupeane uzoefu: Mauaji ya kimbari na wakimbizi, wewe uliona nini?

Mhangaza wa Mtoni (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi.

Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la nne alirudi nyumbani analia. Waligombania mpira na mwenzake, mwenzake akamwita "mkimbizi". Mtoto hajui mkimbizi ni nani, anajua tu kwamba ametukanwa. Nikataka kumweleza, nikagundua kwamba miaka yote hii sijawahi kumsimulia mtu niliyoyaona mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Basi naanzia hapa. Na wewe uliyeishi karibu na mambo haya, au yaliyokukuta mwenyewe, naomba usimulie ulichokiona.

Mimi ni wa Ngara, kijiji cha kando ya barabara itokayo Rusumo, mpakani na Rwanda. Nilikuwa darasa la tano. Kabla mtu yeyote hajavuka, mto Kagera ulikuwa umeshatupa habari. Miili ilikuwa inapita chini ya daraja na kuporomoka na maji, mingine imefungwa mikono kwa nyuma. Wazazi walitukataza kwenda mtoni. Tulikwenda.

Tarehe 28 Aprili watu wakaanza kuvuka. Baadaye sana ndipo nilikuja kusoma kwamba walikuwa kama 250,000 ndani ya saa 24. Siku ile nilichokisikia ni nyayo tu, maana hawakuwa wakizungumza. Magodoro kichwani, mbuzi, baiskeli, wazee wamebebwa kwenye machela. Kesho yake asubuhi barabara bado imejaa. Mama alichemsha viazi vitamu kwenye sufuria kubwa la misibani akaliweka kando ya njia. Kihangaza na Kinyarwanda tunasikilizana, kwa hiyo aliwaita kama anavyotuita sisi. Binti mmoja wa umri wangu alichukua viazi viwili, kimoja akala, kingine akakifunga kwenye pindo la gauni.

Pale mpakani askari wetu waliwaamuru waache silaha. Rundo la mapanga likawa kama kichuguu. Baba alirudi nyumbani na panga moja kutoka kwenye rundo lile. Lilikaa nyuma ya mlango siku mbili, siku ya tatu sikuliona. Sikuuliza.

Karibuni.

Binti Sangara

Mkuu, huo mto wenu na miili yake ulikuja kuishia kwetu, Ziwa Victoria. Mama alikuwa anachuuza samaki Bukoba. Mwezi wa tano mwaka ule watu waliacha kabisa kula samaki wa ziwani. Mteja anamtazama sangara, anamtazama mama, anaondoka. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye beseni lile, kwa hiyo nilikaa nyumbani muhula mzima, nikawa namlaumu mama kwa kutojua kuuza. Upande wa Uganda, Kasensero, wavuvi waliopoa miili kwa maelfu wakaizika, na makaburi ya pamoja yapo mpaka leo. Nilikwenda mwaka juzi. Nilisimama pale nikakumbuka kwamba nilinuna kwa sababu ya ada.

Mjukuu wa Ulyankulu

Mwaka 1994 dunia nzima iliona. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, 1972, ambapo karibu hakuna aliyetazama.

Babu yangu alikuwa mwalimu Burundi, kusini, upande wa Bururi. Kuanzia mwisho wa Aprili 1972, baada ya uasi uliozuka kule kusini, serikali ilianza kuwakusanya Wahutu waliosoma. Walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, mapadri. Lori linakuja na orodha, majina yanasomwa, lori linaondoka. Waliouawa walizidi 100,000. Warundi wanauita mwaka ule Ikiza, yaani janga. Babu aliokoka kwa sababu siku lori lilipofika shuleni alikuwa amekwenda kuzika mama mkwe wake. Alikuwa akisema kwamba mama mkwe alimzaa mara ya pili.

Walivuka kuingia Kigoma, wakapelekwa Tabora, kwenye makazi ya Ulyankulu. Pori tupu. Walipewa jembe na shoka. Kaburi la kwanza la familia yetu pale ni la shangazi yangu mchanga, homa. Baadaye walilima tumbaku na mahindi mpaka wakawa wanauza kwa wenyeji.

Jambo moja la babu lilinisumbua utotoni. Hakuwahi kuandika jina lake kwenye daftari lolote kama si lazima. Hata harusi ya mwanawe, daftari la michango lilipopita, alitoa pesa akakataa kuandikwa. Nilidhani hapendi tu sifa. Kumbe ni orodha ile.

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwapa watu wa 1972 nafasi ya kuchagua kurudi au kuomba uraia, na kama 162,000 wakakubaliwa uraia. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Babu alikuwa amefariki miezi minane kabla. Baba alipopokea cha kwake alikipeleka makaburini akakisoma kwa sauti, jina kwa jina.

Kibondo Mjini

Nitasema lisilopendwa. Sisi tulioishi na kambi tuliumia pia. Misitu iliisha, kuni zikawa za kutembea nusu siku. Kulikuwa na ujambazi barabarani, mabasi yakasindikizwa na polisi miaka na miaka. Kaka yangu alipigwa risasi ya mguu njia ya Kasulu. Mnaposimulia huruma, simulieni na hilo.

Mhangaza wa Mtoni (mleta mada)

Ndugu yangu, asante kwa kulileta, na pole kwa kaka. Ni kweli tupu. Kwetu miti ya mlima mzima iliondoka ndani ya miezi. Lakini mtoto wa darasa la nne hakumwita mwanangu "jambazi". Alimwita "mkimbizi". Yameshakuwa neno moja, na aliyeyaunganisha ni sisi wakubwa.

Umwana w'i Kibungo

Nimesoma kimya tangu jana. Kiswahili nilijifunzia Nyamirambo, mtaa wa Kigali, mnisamehe kikiteleza.

Mleta mada, natoka ng'ambo ya pili ya daraja lako. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kuna jambo nataka liwekwe sawa, na ninalisema bila hasira. Wengi wa wale 250,000 uliowaona tarehe 28 Aprili walikuwa Wahutu wanaowakimbia Inkotanyi, yaani wapiganaji wa RPF, waliokuwa wanakaribia. Sisi Watutsi ambao mauaji ya kimbari yalifanywa dhidi yetu hatukuwa na mtu wa kuvuka naye. Sisi ndio tulipita chini ya daraja.

Watu wa kwetu walikimbilia kanisa la Nyarubuye, kwa sababu miaka ya nyuma, kila fujo zilipotokea, aliyeingia kanisani alisalimika. Tarehe 15 Aprili wauaji waliingia. Kazi yao, nao waliiita kazi, ilichukua siku kadhaa. Walikwenda kulala na kurudi asubuhi. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumetangulizwa kwa bibi mmoja Mhutu, jirani, akatuficha kwenye shamba lake la mtama. Usiku analeta maji kwenye kibuyu na maharage baridi. Mchana tunalala chini. Mdogo wangu alikuwa na kikohozi, nikawa namziba mdomo kwa kiganja. Mpaka leo ana miaka thelathini na kitu, akikohoa mkono wangu unainuka wenyewe.

Bibi yule alivuka daraja pamoja na hao mliowapokea. Alilazimika, kijiji chote kiliondolewa. Kwa hiyo anaweza kuwa alikula viazi vya mama yako. Na aliyekuja na panga kanisani anaweza kuwa alikula pia. Binti wa pindo la gauni hakuwa na kosa lolote. Nimejaribu miaka mingi kuwabeba wote watatu kichwani kwa wakati mmoja na bado ni vigumu.

Mkalimani Mstaafu

Dada wa Kibungo, pole sana. Nataka kuongezea upande wa Arusha, maana nilikuwa jirani na mahakama ile ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wahusika wa mauaji ya Rwanda, kwa kazi yangu.

Aliyekuwa burugumesitiri, yaani mkuu wa wilaya ndogo (komuni), wa Rusumo upande wa Rwanda wakati wa mauaji ya Nyarubuye alikamatwa Juni 2001 hapa hapa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mwaka 2004 akahukumiwa miaka 30, na 2006 rufaa ikaifanya kifungo cha maisha. Miaka saba alikuwa kati ya watu wanaopanga foleni ya mgao.

Na hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari ilisomwa Arusha, 2 Septemba 1998. Ndiyo pia ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashahidi wale wanawake walizungumza nyuma ya pazia, kwa herufi badala ya majina. Nimeishi Arusha maisha yangu yote, na nikiwauliza vijana wa hapa wanasema jengo lile lilikuwa "la mikutano".

Mtoto wa Fizi

Jambo bandugu. Mimi niko Mkongomani, sasa naishi Kentucky, Marekani. Baba na mama walikimbia Fizi mwaka 1996, vita ya kwanza. Walivuka Tanganyika usiku ndani ya mtumbwi, taa wamezima, watoto wamepewa matiti hata wasio na njaa ili wasilie. Nilizaliwa Nyarugusu. Ndugu za mama waliobaki walikufa Makobola, mkesha wa mwaka mpya wa 1999, walipouawa mamia ya watu.

Watu hapa wananiuliza kambini kulikuwaje, wanangojea niseme njaa. Njaa ilikuwepo. Unga, dengu, mafuta, chumvi, na ikifika wiki ya mwisho kabla ya mgao unaanza kukopa kikombe. Baba alikuwa fundi seremala mzuri, lakini kutoka kambini bila kibali ni kosa, hivyo meza anazitengenezea watu wasio na pesa.

Lakini kilichotuchosha kabisa ni kusimulia. Ili uhamishiwe nchi ya tatu, kama hii Marekani, unahojiwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano, kila mara ofisa mpya. Mama anaulizwa kaka yake aliuawa tarehe ngapi, saa ngapi, walikuwa wangapi, walivaa nini. Akikosea siku moja, faili inasimama. Basi alikuwa anafanya mazoezi ya kifo cha kaka yake, jioni, akipika, kama mtoto anayekariri mtihani. Nilikiweka kichwani nami, naweza kukisema mpaka leo neno kwa neno. Tulifika huku 2016. Tangu siku ile mama hajakisema tena, na sisi hatumuulizi.

Nesi wa Ziwani

Kagunga, Mei 2015. Warundi wanakimbia machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Kijiji cha wavuvi, nyuma milima, mbele ziwa, kikapokea makumi ya maelfu ya watu kwenye ufuo. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ni maji tu, na MV Liemba, ile meli ya Wajerumani, haiwezi kufika ufukweni, kwa hiyo boti ndogo zinawapeleka mpaka kwenye meli, kama 600 kwa safari. Tuliwapokea Kigoma, uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Waliokufa kwa kipindupindu walizidi 30 ndani ya wiki chache.

Kati ya wagonjwa wangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo. Namwekea dripu, ananiambia kwa Kiswahili kizuri cha Kigoma, "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa." Alikuja tumboni 1972, akarudi kwao, akakimbia tena 1993, akarudi, na sasa mara ya tatu. Alikuwa bado na kadi ya kambi ya zamani, ameifunga kwenye nailoni.

Mwalimu wa Turkana

Salamu kutoka Kenya. Nimefundisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka tisa. Kambi ilianza 1992 na wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, na leo nafundisha watoto kutoka Sudan hiyo hiyo. Tafadhali msiongee kana kwamba haya yalikwisha. Mwaka 2023 Wamasalit wa El Geneina, Darfur, waliuawa kwa sababu ya kabila lao, waliosalia wakakimbilia Adré, Chad. Oktoba 2025 El Fasher nayo ya Darfur, ikaangukia mikononi mwa RSF, kikosi cha wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka, na mauaji yakafuata. Nina mwanafunzi wa miaka kumi na minne anayepiga namba ya mjomba wake kila siku wakati wa mapumziko. Inaita bila majibu. Anasema inatosha kwamba bado inaita.

Mhangaza wa Mtoni (mleta mada)

Nimewasoma wote. Dada wa Kibungo, sina neno la kukupa. Nilichofanya ni kumpigia mama simu Ngara, ana miaka 78, nikamsomea ulichoandika. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

Halafu nikamuuliza kuhusu lile panga. Akacheka kidogo kwa uchungu, akasema baba yangu alitaka kulitumia shambani, ni chuma kizuri, cha bure. Yeye akaliona lina alama kwenye mpini, mtu alikuwa amechonga herufi mbili za jina lake. Usiku akalipeleka akalifukia nyuma ya choo, akamwambia baba limeibiwa. Baba alikufa akijua limeibiwa.

Nikamuuliza zilikuwa herufi gani. Akasema, "Nilizisoma, baba. Sizitaji."