Wakala wa safari wa ofisini anakula usiku wetu wa hoteli, na mama yangu amekaa lobi masaa sita na goti bovu

Wakuu, salaam. Nipo Njiro, Arusha, ni usiku mkubwa na usingizi umegoma kwa hasira. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa hoteli nzuri za Dar. Hii ni habari nyingine kabisa.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Wiki hii Nairobi, wiki ijayo Dar, mwezi ujao Kigali. Wanangu wananiona wikiendi, na si kila wikiendi. Kitu pekee ambacho safari hizi zilikuwa zinanirudishia, ukiacha posho, ni pointi na daraja kwenye programu ya wanachama ya mnyororo mmoja wa hoteli wa kimataifa. Daraja unalipata kwa idadi ya usiku unaoingia kwenye akaunti yako kwa mwaka, na ndilo linalokupa faida kama chai na kutoka jioni. Nimejiunga 2019. Kila usiku niliolala nimeuandika kwenye daftari: tarehe, mji, namba ya nafasi, pointi zilizoingia. Mnyororo siutaji, hoteli siitaji, wakala simtaji. Nataka tuuzungumze mchezo wenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na kazi ya siku tatu Dar. Mama yangu anakaa Kibosho, ana miaka 71, na goti linamsumbua tangu mwaka jana. Alikuwa na miadi MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Nikaona tuondoke wote, alale kwenye chumba changu chenye vitanda viwili. Siku ya kwanza apumzike, ya pili amwone daktari, ya tatu alale hadi jioni ndipo tuelekee uwanja wa ndege. Ndege ya kurudi KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ilikuwa saa moja na nusu usiku. Nilipanga hivyo kwa sababu daraja langu linanipa kifungua kinywa cha watu wawili na kukaa chumbani hadi saa 10 jioni kukiwa na nafasi. Miaka yote nimepewa bila hata kuomba mara mbili.

Tumefika mapokezi, nikatoa namba ya uanachama. Dada akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Kaka, hii nafasi imeletwa na wakala. Mfumo unakataa namba yako."

Nikamwonyesha simu, daraja linasomeka pale kwenye programu.

"Naliona kaka, ila kwa bei hii haifanyi kazi. Samahani sana."

Sikumfokea. Alikuwa na adabu na hakuwa na mamlaka. Chai ya mama nikailipia mfukoni asubuhi zote.

Siku ya tatu nilitakiwa kwa mteja hadi saa 10. Saa 5 asubuhi wakamwambia mama chumba kinatakiwa. Nikapiga simu kutoka kwa mteja, nikaomba hata masaa matatu, nikaambiwa nilipie nusu siku lakini hata hivyo hoteli imejaa. Basi mama akatoka na begi lake na dawa zake, akakaa lobi. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni, kwenye kile kiti laini cha chini ambacho hata mzima kunyanyuka ni kazi, siku moja baada ya kuchomwa sindano ya goti. Nilipofika akaniambia, "Nimekaa tu mwanangu, wamenipa maji." Alipojaribu kusimama goti likagoma. Walinzi wawili wakamshika mikono wakamnyanyua. Wakuu, ile picha haijanitoka hadi sasa ninapoandika.

Asubuhi ile kabla sijaondoka, wakati naendelea kuomba pale mapokezi, mgeni mmoja pembeni yangu alitajiwa daraja lilelile kama langu, akapewa hadi saa 10 jioni bila swali. Najua wapo watakaotaka kusema ni rangi ya ngozi. Sina ushahidi huo na sitausema. Nilimsikia akisema amebuku mwenyewe kwenye tovuti ya hoteli. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu.

Nimerudi Arusha nikafungua akaunti yangu na daftari pembeni. Tangu ofisi yetu ilipomleta huyu wakala, katikati ya mwaka, safari zangu ni hizi: Nairobi usiku 5, Kigali usiku 3, Dar usiku 3. Jumla 11. Kwenye akaunti ulioingia ni sifuri. Na mimi nimepungukiwa usiku 8 kulinda daraja langu.

Hapo ndipo nikafanya ninachofanya kila siku kwa hesabu za watu wengine. Ankara ya wakala kwa Nairobi inasema dola 148 kwa usiku. Bei ya mwanachama kwenye tovuti ya hoteli, kwa tarehe zilezile na chumba kilekile, ilikuwa dola 131. Skrinshoti ninayo, niliipiga siku tulipotangaziwa safari kwa sababu nilidhani tutabuku wenyewe kama zamani. Dola 17 kwa usiku, usiku 5, tulikwenda watu wanne. Dola 340 kwa safari moja. Ofisi iliambiwa wakala analetwa "kupunguza gharama za safari".

Mchezo unakwendaje? Wakala ananunua chumba kwa bei ya jumla, ile ambayo hoteli inawauzia wafanyabiashara na haionekani popote kwa mgeni. Anaweka cha juu, anauza. Sisi wa Arusha bei hiyo tunaijua vizuri kuliko mtu yeyote nchini, maana kampuni za utalii zinaishi kwa hiyo. Ni halali kabisa. Lakini programu zote kubwa, iwe Marriott Bonvoy, Hilton Honors, World of Hyatt au IHG One Rewards, zinasema jambo moja kwenye masharti yake: usiku na pointi ni vya bei inayostahili, na chumba kilichouzwa kwa bei ya jumla au kupitia tovuti za watu wa kati hakistahili. Faida za daraja nazo mara nyingi zinakwenda na maji.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo damu inapochemka. Wakala SI LAZIMA akukoseshe. Akibuku kwa bei ya wazi ya hoteli, au kwa bei ya mkataba wa kampuni yako na hoteli, na akaweka namba yako ya uanachama, usiku unaingia kama kawaida na yeye anapata kamisheni yake kutoka hotelini. Njia hiyo ipo na wanaijua. Wamechagua bei ya jumla kwa sababu cha juu ni kinono kuliko kamisheni. Yaani usiku wangu 11 na masaa sita ya mama yangu lobi vimegeuzwa dola 17 za mtu.

Na msitegemee hoteli ikupiganie. Majengo mengi yenye majina ya kigeni mlangoni mwenye mali ni mtu mwingine kabisa, jina ni la kukodi. Mwanachama akilala na pointi zikaingia, hoteli inatoa mchango kwenye mfuko wa programu kulingana na bili yake. Namba yako isipoingia, hawadaiwi kitu. Sisemi dada wa pale mapokezi aliliwaza hilo. Nasema hakuna mtu katika mnyororo ule mwenye sababu ya kukukumbusha haki yako.

Nilipolisema ofisini, mmoja akanijibu, "Bosi, pointi ni anasa, chumba si umelipiwa?" Nilinyamaza kwa sababu ningesema vibaya. Nalijibu hapa. Programu hizi si zawadi za Krismasi, zipo tangu 1983, Holiday Inn na Marriott walipozianzisha kwa ajili ya watu wa kazi kama sisi, wanaolala nje kwa lazima. Angalieni madaraja yenyewe. Marriott ni usiku 10, 25, 50, 75, halafu la juu kabisa usiku 100 pamoja na kutumia dola 23,000 kwa mwaka. Hyatt ni 10, 30, 60. IHG ni 10, 20, 40, 70. Usiku 50 ni karibu miezi miwili kwenye kitanda kisicho chako. Kampuni ililipa chumba, sawa. Kukosekana nyumbani nililipa mimi. Mwanangu wa pili alianza kutembea nikiwa Kampala.

Tena sisi hatuna njia ya mkato. Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kupanda daraja, ushauri karibu wote ni wa Wamarekani, na wao wanapewa na benki. Kuna kadi za Bonvoy kule ambazo mtu anaanza Januari ana usiku 15 hajaulala. Kuna kadi ya American Express inayompa daraja la dhahabu la Marriott na la Hilton bila kugusa shuka. Kadi yangu ya benki, ninayoitumia kutoa hela pale Mnara wa Saa, haina kitu cha namna hiyo. Mtanzania anapanda kwa kulala tu. Ndiyo maana kumnyang'anya usiku mmoja ni kumnyang'anya kitu ambacho hana pengine pa kukipata.

Na hasara haiishi Desemba. Kwa Marriott na Hyatt kwa mfano, daraja ulilolipata mwaka huu unabaki nalo mwaka ujao mzima hadi mwisho wa Februari inayofuata. Ukilikosa kwa usiku 8, umekosa zaidi ya mwaka wa vyumba bora, chai na kutoka jioni.

Kwa vijana wanaoanza kazi za kusafiri, kabla hamjaumia kama mimi. Wakala akikuletea uthibitisho, mwulize kwa barua pepe, si kwa simu: hii ni bei ya jumla au bei ya wazi? Namba yangu ya uanachama imeingizwa? Jibu likiwa la kuzunguka, umeshajua. Halafu ukitoka, usiridhike na risiti ya EFD. Ile ni ya kodi, ya TRA. Omba bili ya hoteli yenye jina lako na bei ya kila usiku, kwa sababu usiku usipoingia, programu itakuomba hiyo. Bili ikitoka haina bei ya chumba kabisa, mara nyingi chumba kimenunuliwa kwa jumla, hata kudai usijisumbue. Nimedai, najua.

Kingine ambacho wengi hawakijui: usiku uliolipia kwa pointi nao unahesabiwa kwenye daraja, kwa Marriott, Hilton, Hyatt na IHG. Kwa hiyo aliyebakiza usiku mchache Desemba anaweza kuumaliza kwa pointi zake badala ya kutoa pesa. Kwa Marriott ukilipa usiku 4 mfululizo kwa pointi wa 5 ni bure. Na msizirundike pointi kama mahindi ya njaa. Marriott iliondoa jedwali lake la bei za pointi Machi 2022, tangu hapo bei inapanda na kushuka itakavyo. Akaunti ya Marriott au Hyatt ikilala miezi 24 bila shughuli yoyote, pointi zinafutwa. IHG ni miezi 12 kwa asiye na daraja.

Mimi nilizokuwa nazo nilikuwa naziweka za kumpeleka mama na baba Zanzibar. Baba amefariki mwaka jana. Basi.

Rafiki yangu yupo kwenye ofisi moja pale AICC, jengo la mikutano hapa Arusha. Kwao kila mji una kikomo cha bei, mtu anabuku mwenyewe popote chini ya kikomo, analeta bili na risiti, mchezo umeisha. Ofisi inajua ilicholipa, mfanyakazi anapata chake. Sioni ugumu uko wapi.

SASISHO, asubuhi: Nilimwandikia wakala jana nikamuuliza maswali yale mawili. Amejibu WhatsApp, mstari mmoja: "Pointi ni suala binafsi la msafiri." Nikamjibu kwamba kama ni suala langu binafsi, basi aniachie nibuku mwenyewe. Ameona, kimya.

SASISHO la pili: Kwa anayesema hapo chini kwamba kosa ni la mama kwa kuja safari ya kazi, ndugu yangu, kanuni za ofisi yetu zinaruhusu mwanafamilia kwenye chumba ilimradi hakuna gharama ya ziada. Chai yake nimelipa mimi. Usimguse mama yangu.

Meneja fedha amenipa kikao Jumatatu saa 3 asubuhi. Ninakwenda na ankara ya wakala, skrinshoti ya bei ya mwanachama na daftari langu. Nilichokosa ni maneno ya kuweka mezani. Mwenye sera ya safari ya ofisi yake inayoruhusu mfanyakazi kubuku mwenyewe kwa kikomo cha bei, aje PM (ujumbe binafsi) anitumie kile kipengele tu, jina la ofisi afute. Naihitaji kabla ya Jumapili jioni.