Naomba ushauri: kibao cha kumbukumbu ya kuanzishwa kwa mji kiandikwe nini?

Wakuu, habari zenu. Nimo kwenye kamati ya kusimamisha kibao cha kumbukumbu ya kuanzishwa kwa mji mmoja mdogo, na kazi ya kuandika maneno nimetwishwa mimi. Nimekwama mstari wa kwanza tu: mji ulianza lini?

Wazee wanahesabu tangu familia za kwanza zilipojenga karibu na maji. Karatasi za serikali zinahesabu tangu viwanja vilipopimwa, miaka mingi baadaye. Halafu kuna waliokuwa wakilisha mifugo hapo kabla ya wote hao. Nikiandika "mwanzilishi ni fulani", hao nimewafuta. Naelekea kuweka tarehe mbili, kila moja na tukio lake, na neno "mwanzilishi" nilitupe kabisa. Mwenyekiti ananiambia kibao si kesi ya ardhi!

Wengine wanataka wafadhili walio hai watajwe. Mpango wa vibao vya London, vile vinavyowekwa kwenye nyumba walimoishi watu mashuhuri, ulioanza 1866, siku hizi hutaka mtu anayekumbukwa awe amefariki angalau miaka 20 iliyopita. Naona ni kinga nzuri ya aibu.

Mliowahi kufanya kazi hii, mlithibitishaje simulizi za wazee pale nyaraka zilipokuwa kimya? Na maneno mangapi yanamtosha msomaji aliyesimama juani? Kuhusu bamba lenyewe, shaba hudumu lakini huvutia wezi wa vyuma chakavu. Jiwe haliibiki kirahisi, ila ukikosea herufi umekosea. Mngechagua lipi?