Wapendwa, kanisa letu limepasuka kwa sababu ya mabati, tufanyeje?

Mkulima wa Masasi:
Bwana asifiwe wapendwa. Niko huku Masasi vijijini na naandika nikiwa na uchungu kweli. Msimu wa korosho ulopita, hela za mnada zilipoingia, tulichangishana kanisani kwa ajili ya mabati, sasa mabati yakaja pungufu, watu wakaanza mara huyu kala mara yule kala, mwisho kwaya imepasuka mbili na wengine siku hizi wanasali kwenye banda la mtu. Wiki ilopita tukafiwa na bibi mmoja aliyetulea karibu wote pale kanisani. Jamani, msibani kundi moja limekaa chini ya mwembe, jingine uani, hata mkono hawapeani! Waliochimba kaburi na kuchota maji ni majirani zetu Waislamu. Mzee mmoja wa msikitini akaniuliza kwa upole tu, "mwanangu, nyie si mnaitana ndugu?" Nikakosa jibu. Mpaka leo sina.

Mama wa Chikongola:
Pole sana mwanangu, mpe pole na familia ya bibi. Huyo mzee kauliza kitu ambacho Yesu alishakisema kwenye Yohana 13:35, kwamba watu wote watatutambua kwa upendo tulio nao sisi kwa sisi, hakutaja kwaya wala jengo. Na angalia ni usiku gani alisema hivyo, ni ule ule alotoka kuwaosha miguu, na Yuda naye alikuwemo akaoshwa. Mi hapo huwa nanyamaza kabisa. Nendeni mkaombane msamaha.

Kijana wa Nachingwea:
Shikamoo mama. Naomba niongeze kidogo maana msamaha bila hesabu huku kwetu nimeuona, haufiki hata masika. Mtu katoa hela yake ya korosho, kapalilia, kapulizia dawa, kaokota, halafu anaambiwa samehe tu? Someni 2 Wakorintho 8:20-21, Paulo alipokuwa anapeleka mchango Yerusalemu hakubeba peke yake, alimtuma Tito na ndugu wengine ili asilaumiwe na mtu. Paulo huyo! Sasa nani kwenu anaona aibu kufungua daftari? Hesabu zisomwe mbele ya pande zote mbili, risiti ya mabati iwepo, aliyekosea aseme. Hapo ndo mtapatana vizuri.

Mama wa Chikongola:
Marahaba mwanangu. Hapo nakubali, ila asomaye asome kwa upole, wasiende kama mahakamani.

Mwalimu mstaafu, Ndanda:
Nyie wa Masasi mnaniuma zaidi kwa sababu ya mlikotoka. Mwaka 1876 wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya kutoka Uingereza, na Askofu wao Steere walipofika hapo, walikuja na watu waliokombolewa utumwani, wametokea Zanzibar, makabila mbalimbali, wengi hawana ukoo wala shamba la babu. Waliokuwa nao ni wao kwa wao. Kijiji kikasimama, na Wamakua na Wayao wa hapo jirani wakaona. Sasa watu wa namna hiyo waliweza kukaa pamoja, nyie mnashindwana mabati? Usisubiri kikao cha wazee, anza na mtu mmoja wa upande wa pili unayemfahamu vizuri, kikao kitakuja baadaye.

Mkulima wa Masasi:
Asanteni sana, mwalimu nimefanya hivyo. Jana usiku nimempigia yule tulokuwa tunaimba naye besi, mara mbili hakupokea, ya tatu kapokea, tukakaa kimya weee, kisha akaniuliza mtoto wangu homa imepungua? Nikashindwa kujizuia. Tumekubaliana kwenye arobaini ya bibi tunapasua kuni sisi wawili, watu watuone. Kumbe daftari la michango analo yeye, kasema Jumamosi anakuja nalo kwangu.