Damu bandia isiyofanana na juisi: msaada kwa filamu fupi ya kutisha

Kijana_wa_Pongwe aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaandaa filamu fupi ya dakika tisa, ya aina ile ya kutisha ambayo damu haidokezwi bali inamwagika waziwazi, na fedha yote niliyo nayo ni shilingi 250,000. Kamera ni simu yangu, nyumba ni ya marehemu babu, na waigizaji ni binamu zangu watatu ambao malipo yao ni chakula cha mchana. Kinachonikwamisha ni damu. Jumamosi tulichanganya maji na rangi nyekundu ya chakula, tukammwagia mmoja wao shingoni, na tulipoitazama picha tukaangua kicheko: ilikuwa juisi ya rozela kabisa, nyepesi, yenye uwaridi, inateleza mwilini bila kushika. Mtu mmoja amenishauri nikachukue damu halisi machinjioni. Ninyi mliokwisha kuifanya kazi hii mnatumia nini, na mnairudiaje picha ikiwa mwigizaji amekwisha kuloa?

Mpishi_wa_Vitisho alijibu:

Machinjioni usiende, ndugu yangu. Damu halisi huganda na kugeuka rangi ya kahawia kabla hujamaliza kupanga taa, hunuka, na inaweza kuambukiza maradhi. Wenzetu wa Wakaliga kule Kampala, ambao filamu zao za mapigano zilisambaa duniani, walianza na damu ya ng'ombe, wakaiacha baada ya watu kuugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula, ambayo huijaza ndani ya kondomu ili ipasuke kifuani mtu anapopigwa risasi.

Pika shira, ileile ya kaimati, ila iliki iache. Ikishaanza kuvutana kwenye kijiko, ipoze, kisha tia rangi nyekundu pamoja na kakao uliyoikoroga kwanza kwa maji ya moto kidogo ili isifanye madonge. Kakao ndiyo inayoondoa uwaridi na kuifanya damu izibe kilicho chini yake badala ya kupitisha mwanga. Lakini usiizidishe, na hapa ndipo wengi hukosea: mapishi mengi yanayosambaa yamepimwa kwenye ngozi nyeupe, ambako damu iliyokoza huonekana vizuri, ilhali kwenye ngozi zetu, hasa usiku, damu hiyohiyo hupotea na mwigizaji huonekana ametoka jasho tu. Ifanye iwe nyekundu kuliko unavyodhani inafaa, kisha weka taa ubavuni, si mbele, ili unyevu wake ung'ae. Ijaribu kwa simu yako kabla ya siku ya kazi. Na uwe tayari kwa sisimizi. Mimi waliwahi kunimalizia "maiti" aliyelala sakafuni kwa dakika ishirini, akainuka mwenyewe bila kuambiwa.

Mhariri_Makorora alijibu:

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Mwongozaji Sam Raimi na wenzake wa Michigan, Marekani, walitengeneza filamu fupi mwaka 1978, *Within the Woods*, kwa takriban dola 1,600, kwa mkanda wa Super 8, ule mdogo wa kamera za nyumbani, ili wawaonyeshe watu wenye fedha na kuwaomba mtaji wa filamu ndefu, ambayo ndiyo *The Evil Dead* ya mwaka 1981. Katika filamu hiyo ndefu damu yao ilikuwa shira ya mahindi, na mwigizaji wake mkuu, Bruce Campbell, amesimulia kwamba shati lake, lilipoanikwa karibu na moto, lilikauka likawa gumu hata likavunjika alipotaka kulivaa.

Kwako tatizo litakuwa baya zaidi ukinunua nguo za mtumba, kwa sababu shati la mtumba halina pacha. Nunua mashati meupe ya sare za shule: ni rahisi, yanafanana, na weupe wake huibeba damu vizuri. Chukua matatu kwa kila atakayejeruhiwa. Kisha panga siku yako kwa kufuata damu, si kwa kufuata hadithi: picha zote safi asubuhi, za madoa madogo mchana, na ule mmwagiko mkubwa uwe wa mwisho kabisa. Ukimaliza kila picha, mpige mwigizaji picha ya mnato, ili ujue doa liliishia wapi.

Mama_Kibali alijibu:

Naongeza dogo tu. Fuatilia mapema kibali cha Bodi ya Filamu, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote mbili saa ya kupiga mayowe, kwani si kila mtu atakayeuliza kabla ya kuja na panga.

Kijana_wa_Pongwe alijibu:

Nawashukuru nyote. Jana nimepika shira ya kilo moja ya sukari, na kakao nimeipunguza mara mbili mpaka ikakubali kwenye shingo ya binamu yangu, ambaye ni mweusi kuliko sisi wengine. Taa niliiweka dirishani, upande wa kushoto. Tone lilishuka polepole toka sikioni, likasimama kwenye mfupa wa bega, likajikusanya, kisha likaendelea. Shangazi alikuwa anapita na ndoo, aliiangusha. Mashati nitayafuata Jumatatu.