Miaka mitatu bila pensheni kisa herufi moja: wazee wa Kagera mnawafanyia nini hiki?

Wakuu, huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, maana mzee hapendi mambo ya nyumbani yaanikwe. Leo sifuti. Na Mods naomba msiuhamishie jukwaa la sheria ukafie huko. Sijaja kuuliza swali, nimekuja kulalamika.

Baba yangu ni koplo mstaafu wa JWTZ, tunaishi Gongo la Mboto. Alivuka mto Kagera kwenye vita dhidi ya Idi Amin akiwa na miaka ishirini na kidogo. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, yeye alikuwa amelazwa na malaria, na mpaka leo ukimkumbusha anakasirika kama ilikuwa juzi. Namba yake ya jeshi, ya MT, hata ukimwamsha usiku wa manane anakutajia. Usiku ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka hapa kwetu, tarehe 16 Februari 2011, watu walikimbia na watoto na magodoro. Yeye alikimbia na sanduku la bati lenye karatasi zake za jeshi.

Sasa oneni sanduku hilo lilivyomsaidia.

Miaka mitatu iliyopita ukapita uhakiki wa wastaafu. Karatasi za jeshi zinasema Athumani, kitambulisho cha NIDA kinasema Athuman. Pensheni ikakatika. Hakuna barua wala simu. Alikwenda benki akakuta hamna kitu, akadhani mashine imekosea. Tukaenda ofisi moja mjini, siitaji. Binti wa dirishani hata hakuinua kichwa: "Babu, jina haliendani. Kalete barua ya kikosi." Mzee akamwambia, "Mwanangu, walioniandikisha wengi wameshazikwa." Akajibiwa arudi Alhamisi. Alhamisi faili halionekani. Alhamisi nyingine mwenye faili yuko semina. Mimi nilikuwa nakasirika, mzee anasimama wima mbele ya lile dirisha, mikono ubavuni, kama yuko kwenye gwaride! Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Kwenye kibanda cha chai jirani na hiyo ofisi akatokea jamaa na mkoba mweusi, anajiita wakili, ana "mtu wake ndani". Akachukua laki nne. Risiti akakata kwenye kile kitabu cha risiti cha stationery, akaigonga muhuri wa duara usiosomeka. Miezi ikapita tunaambiwa "iko mezani kwa bosi". Halafu simu ikawa haipatikani. Ujinga wetu, nakubali, lakini ningejua kwamba mawakili wote wako kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaandika jina unaona kama ana leseni hai, hiyo laki nne ingekuwa dawa za presha za mama. Marekani wakili haruhusiwi kumtoza askari mstaafu hata senti kwa kuandaa dai lake la kwanza la mafao. Huku mzee wa miaka sitini na saba anavuliwa akiba yake kwenye kibanda cha chai.

Hivi mnajua kilichomaliza tatizo la jina? Kiapo. Karatasi moja!

Shangazi ndiye aliyetupeleka kwenye kliniki ya msaada wa kisheria. Huduma ni bure na ipo kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mzee aligoma mlangoni kabisa. "Serikali haishtakiwi na askari wake." Dada wakili akatoka nje, akamwamkia, akamwambia, "Baba, hatushtaki mtu, tunaandika barua." Hapo ndipo akaingia. Yule dada akasoma karatasi zote za sandukuni, moja moja, hata zile zilizoliwa na mende. Ikaandikwa hati ya kiapo kwamba Athumani na Athuman ni mtu mmoja, ikaambatanishwa na nakala za karatasi zenye namba ya jeshi, pamoja na barua inayokumbusha Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba: mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu kabla haki zake hazijaamuliwa. Wiki tano, pensheni ikarudi.

Malimbikizo je? Tumeambiwa kwa mdomo tu, "hayo sahauni". Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Uamuzi wa namna ile ungeweza kupelekwa Mahakama Kuu kuomba mapitio, lakini kibali cha kufungua unatakiwa ukiombe ndani ya miezi sita. Miezi sita yetu ililiwa na mwenye mkoba mweusi na zile Alhamisi. Iliyobaki ni njia ndefu ya kudai kama deni: notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo kesi.

Na si sisi peke yetu. Kwenye benchi la kusubiria kulikuwa na mjane wa sajini, anatakiwa kuleta barua ya usimamizi wa mirathi na mashemeji wamekalia cheti cha kifo. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuomba nakala RITA, wanaosajili vizazi na vifo, na kufungua mirathi mwenyewe Mahakama ya Mwanzo. Mwingine kiwanja chake kimevamiwa tangu yuko kazini, ananiambia "bado nawasubiri wenyewe waone aibu". Mzee wangu, ardhi ukikaa kimya miaka 12 dai lako linakufa!

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki, ngao na shada la maua vinawekwa mnarani, tarumbeta inalia, sisi tunapiga picha. Wale waliorudi hai tunawaambia waje Alhamisi. Wazee hawa walifundishwa kutii amri, kudai hawakufundishwa, na kila aliye nyuma ya dirisha anajua hivyo.

Mwenye mzee wa namna hii nyumbani, mwombe akuonyeshe karatasi leo, linganisha majina herufi kwa herufi na ya NIDA kabla uhakiki mwingine haujaja. Na mkidaiwa hela ya "mtu wa ndani", ondokeni.

Notisi yetu imepokelewa Jumatatu, nakala imegongwa muhuri unaosomeka. Mzee ameikunja mara mbili, ameiweka kwenye lile sanduku la bati.