Ile barafu ya Kibo ya 1912 ilipimwaje?

Mpandaji_Kili
Wakuu habarini. Mimi naongoza wageni kupanda Kili (Kilimanjaro) mpaka kilele chake cha Kibo, juzi tukiwa Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, mgeni akaniuliza mbona takwimu zote za barafu zinaanzia 1912, nani alipima, nikakosa jibu na imeniuma kweli maana mlima ni wetu. Setilaiti hakuna, ndege za kupiga picha kule hakuna, sasa walipimaje? Mwenye kujua tafadhali.

MpimaArdhi
Mkuu hiyo inatoka kwenye ramani ya Fritz Klute, Mjerumani, alikuja na mwenzake Eduard Oehler na ndo hao hao wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, mwaka huo huo 1912. Hawakuzunguka barafu na futi kamba. Unapima mstari mmoja ardhini mpaka urefu wake unaujua vizuri, halafu unapiga picha ya mteremko uleule ukiwa ncha hii, unahamia ncha ile unapiga tena. Kitu cha karibu kinaonekana kuhama sana kati ya picha mbili, cha mbali kinahama kidogo. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine, utaelewa. Huko kuhama ndo kunakupa umbali, ukiwa na umbali na pembe unapata kimo, kontua, yaani mistari ya kimo sawa, zinachorwa. Na picha enzi hizo ni vipande vya vioo, vizito na vinavunjika, wewe mzoefu wa njia zile unajua mwenyewe maana yake. Ramani ikatoka 1920, skeli 1:50,000.

Nyanda_za_Juu
Naongezea hapo. Ramani ni hiyo moja lakini kuna waliopata kilomita za mraba 12.06 na wengine baadaye wakapata 11.4, inategemea ukingo wa barafu umeusoma wapi. Mgeni akikubana na namba usiyumbe, 2011 ilibaki 1.76, kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili imeondoka kama asilimia 85.

Bibi_wa_Kibosho
Hata kimo cha Kibo kilibadilika wanangu, Hans Meyer 1889 alikipa mita 6,010, Waingereza walipopima 1952 wakapata 5,895 na ndo tuliyofundishwa shuleni.

Mpandaji_Kili
Asanteni sana wakuu, na bibi shikamoo. Wiki ijayo nina kundi la njia ya Machame, tukifika uwanda wa Shira, Kibo ikiwa wazi nawasimamisha wote wanyooshe kidole wafumbe jicho.