Mume wangu kawekewa figo, vipimo safi, lakini hataki hata kuongea. Nifanyeje?

Mama Tunu: Wakuu, naombeni ushauri. Mume wangu aliwekewa figo mwaka jana, aliyemtolea ni mdogo wake wa kike. Kusafisha damu tumeachana nako, kreatinini (kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) iko vizuri, watu wanatupongeza. Ila mwenyewe halali, chakula anadonoadonoa, dukani haendi. Wifi akipiga simu ananiambia niseme amelala. Juzi nimekuta vidonge vya jioni havijaguswa. Kumuuliza, ananijibu, "Mngeniacha tu." Kwao wanasema hana shukrani.

Kibuyu74: Pole dada. Shukrani anazo, tena ndizo zinazomlemea. Mimi nilipewa na kaka yangu. Kila akikohoa nahisi nimemuua, nikawa namkwepa. Kumbe yeye alichotaka ni nirudi tubishane Simba na Yanga kama zamani.

Nesi Mstaafu: Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo 2017, watu wanaongelea upasuaji tu. Yanayompata mtu akisharudi nyumbani, kimya. Mama Tunu, "mngeniacha tu" usiipite. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asibaki peke yake, dawa zote tunza wewe, na mpeleke hospitali leo leo, msingoje tarehe ya kliniki. Takrolimasi na mikofenoleti, zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, zikirukwa, mwili unaanza kuikataa figo, na mwanzoni anaweza asisikie chochote. Mweleze daktari na habari ya usingizi. Prednisoloni, nayo ni ya kuilinda figo, inaweza kumvuruga mtu usingizi na hisia, ila msiipunguze wenyewe.

Babu wa Shamba: Kuna mizizi ya kutuliza akili, nitafute pembeni.

Nesi Mstaafu: Babu, hapana! Ipo mitishamba inayoshusha takrolimasi kwenye damu, na hata balungi tunakataza kwa sababu linaipandisha. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ina tiba, ya mazungumzo na ya vidonge, ila daktari wa akili ajue dawa zote anazomeza. Nyingine zinagongana.

Mama Tunu: Nimemuuliza. Kanyamaza weee, kisha akasema, "Wakati mwingine." Shemeji yuko njiani na gari. Wifi nimwambie?

Kibuyu74: Muulize mumeo kwanza. Akiridhia, wifi aje kumwona kaka yake, asije kuulizia figo.

Nesi Mstaafu: Bebeni dawa zote na karatasi za kliniki. Na hayo maneno yake yatajeni mapokezi, kabla hawajawaandikia vipimo.